Mwanangu anapiga kelele "shukeni" darasani. Nimhamishe?

Salaam alaykum Mama Mkubwa, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi kibarazani, na baba watoto anafanya vibarua bandarini, zamu za usiku na mchana. Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu wa pili. Ana miaka 8, yuko Gredi ya 2. Nitamwita Babu, maana ndivyo tunavyomwita nyumbani.

Babu ana usonji. Daktari alituambia akiwa na miaka 4, baada ya kuhangaika kwingi. Mavyaa anasema ni jini la baharini, wifi anasema ni chanjo. Amenyweshwa kombe, amefukizwa ubani, mpaka mimi mwenyewe nikasema basi. Maneno yake ni machache, na mengi ni ya kurudia aliyoyasikia. Lakini si mjinga. Anasoma majina ya matatu yote, na feri anaitambua kwa ngurumo kabla haijaonekana: hii Jambo, hii Safari, hii Kwale.

Shule yake ni ya binafsi, iko ng'ambo, mjini. Saa kumi na mbili unusu tuko kwenye foleni ya feri. Watu wananihurumia kwa ule msukumano, lakini Mama Mkubwa, ndani ya feri Babu hana tatizo lolote. Anashika chuma, anatazama maji, na tukikaribia kufika anapiga kelele pamoja na askari, "Shukeni! Shukeni polepole!" Watu wanacheka, na yeye anacheka.

Gredi ya 1 alikuwa na mwalimu mmoja, Mungu ambariki. Alimwekea kiti karibu na mlango, na kabla kengele haijapigwa anakwenda anamgusa begani ili asishtuke. Mwaka ule alijifunza kuandika jina lake. Januari mwalimu akapata kazi ya serikali, akapelekwa Tana River. Madarasa mawili yakaunganishwa, sasa wako 47. Babu amewekwa nyuma kabisa, ukutani, na nyuma ya ukuta kuna fundi wa kuchomelea mageti. Mwalimu mpya analalamika hatulii, na katikati ya somo Babu anapaza sauti "shukeni, shukeni", darasa zima linaangua kicheko.

Tangu muhula wa pili hakojoi shuleni. Anajizuia mpaka tunarudi, siku nyingine inamshinda njiani. Chakula anarudi nacho. Usiku anaamka. Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliniita, akaniambia siku ya wageni wa kutoka ofisi ya elimu nimwache Babu nyumbani "apumzike". Na wiki iliyopita, nikimwogesha, niliona alama ya kufinywa juu ya mkono. Nilipouliza nikaambiwa watoto hucheza.

Karibu na kwetu kuna shule ya serikali yenye yuniti ya mahitaji maalumu. Nilikwenda kuchungulia. Nikaona wakubwa na wadogo wamechanganywa, mmoja ana ndevu, mwingine anatokwa na mate, mwalimu mmoja amembeba mtoto mgongoni. Nikarudi nalia njia nzima. Baba yake anasema kumtia yuniti ni kumpiga muhuri maisha yake yote. Kuna kituo cha watu binafsi Nyali, wanasema ni kizuri sana, lakini ada yake ya muhula mmoja hata nikiuza mahamri mwaka mzima sifiki.

Nimhamishe au nivumilie? Na mtoto asiyependa mabadiliko, nikimhamisha si nitamharibu zaidi?

Mama wa Kuvuka, Likoni

*

Marahaba mwanangu, wa alaykum salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, mazoea ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi. Nilipigia mstari neno moja ulilolipita mbio: "shukeni".

Watoto wengi wenye usonji hawaokoti lugha neno kwa neno kama walivyookota ndugu zao. Wanaichukua kwa vipande vizima, na kila kipande kinabaki kimeshikamana na mahali walipokisikia. Sisi tunasikia kasuku, kumbe mwenzetu anazungumza. Sasa fikiri, Babu amelisikia wapi neno "shukeni"? Kwenye feri, pale lango linapoteremshwa na watu wote wanaachiwa kutoka. Darasani amebanwa ukutani, fundi anakata chuma nyuma ya kichwa chake, naye anapaza sauti "shukeni, shukeni". Mwanangu, anaomba kutoka. Ameomba kwa neno sahihi kabisa, wenzake 46 wakamcheka na mwalimu akamhesabu msumbufu.

Siwezi kula yamini, sijamwona. Lakini ni jambo unaloweza kulipima mwenyewe. Kwa siku tano, kila akilisema, andika saa, mahali, nani yupo, sauti gani inasikika. Ikiwa analisema penye kumkera, umepata ufunguo. Hapo usimkataze. Mjibu, "Babu anataka kutoka," kisha mtoe, hata kwa dakika mbili. Atalipata neno la pili taratibu. Lile la kwanza mwachie.

Umeandika jambo jingine ambalo nadhani hukuliona uzito wake. Feri ina honi, ina injini, ina mbuzi, mikokoteni na mamia ya watu, na Babu anatulia. Basi usikubali kuambiwa hawezi kelele au hawezi umati. Pale ana chuma cha kushika, anaona mlango uko wapi, na anajua safari inaanzia wapi na kukoma wapi. Mwalimu wake wa Gredi ya 1 alimpa hayo hayo: kiti chake, mlango, na mkono begani kabla ya kengele. Sijui alisomea au ni akili yake tu. Wapo wenye vyeti vitatu ukutani ambao hawajui kumgusa mtoto bega.

Kwa hivyo unaponiuliza kama kuhama kutamvuruga, ninakuambia Babu alishahamishwa Januari. Alibadilishiwa mwalimu, kiti, idadi ya wenzake na ukuta, na hakuna aliyemwambia. Kilichobaki ni geti na rangi ya sare. Shule uliyomchagulia wewe haipo tena.

Mtoe.

Ningekuwa nimesoma habari za kelele peke yake ningekuambia subiri. Ningesema nenda kwa mwalimu mkuu, omba kiti cha mlangoni, omba asogezwe mbali na ule ukuta, mpe mwalimu mpya nafasi mpaka shule zifungwe, kwani mwenye watoto 47 naye ni binadamu. Lakini mtoto haambiwi "apumzike" siku ya wageni. Hiyo maana yake ni kwamba wanamwonea haya, na mtoto anayeonewa haya na mkuu wa shule hana mtetezi mle ndani. Kisha alama ya mkono. Inawezekana ni mtoto mwenzake, simtuhumu mtu. Lakini huyu ni mtoto asiyeweza kurudi akakuambia "fulani kanifinya", na watu wazima waliokuwapo hawakuona, au waliona wakanyamaza. Piga picha ile alama, andika tarehe, andika barua fupi kwa shule na ubaki na nakala. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa mateso ya mwili au ya akili, shule iwe ya serikali au ya mtu binafsi, na anayekutwa na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita. Sikuambii ukimbilie kortini. Nakuambia usiombe radhi unapouliza.

Na usimkate ghafla. Nenda naye siku moja ya mwisho, akusanye vitu vyake, aage, apite kwenye kile kiti cha zamani cha mlangoni. Mwambie kwa maneno machache: "Shule hii imekwisha." Chukua barua ya uhamisho na ripoti zake zote, na uwaombe namba yake ya usajili kwenye mtandao wa wizara, maana mkuu wa shule mpya atakuuliza hiyo kabla hajakuuliza jina la mtoto.

Sasa ile yuniti iliyokuliza.

Nimeielewa, wala sikulaumu. Lakini yule mwenye ndevu ana mama, na yule anayetokwa na mate naye ana mama, na pengine siku ya kwanza walirudi nyumbani wakilia kama wewe. Ulichungulia dirishani dakika kumi. Mwalimu aliyembeba mtoto mgongoni mimi ningetaka kujua zaidi habari zake kabla ya kumkimbia.

Rudi, mara hii ukae asubuhi nzima. Omba kiti pembeni, zima simu, usisaidie mtu. Tazama mtoto akilia nini kinafanyika. Je, kuna anayetaka kujua analilia nini, au anapewa biskuti tu anyamaze? Tazama kama siku yao ina mpangilio, kama watoto wanajua baada ya uji ni nini, au wanakaa tu wakingoja saa sita. Uliza nani anawapeleka choo, na wewe ingia hicho choo ukione, kwa sababu mtoto anayejizuia mchana kutwa mara nyingi amekataa choo chenyewe: harufu, giza, mlango usiofungika, tundu badala ya choo cha kuvuta alichozoea. Uliza mwalimu akiugua nani anabaki nao. Halafu uliza swali kubwa kuliko yote: wapo watoto wa yuniti wanaoingia madarasa ya kawaida kwa baadhi ya masomo? Ukiambiwa wapo, omba uwaone. Yuniti nzuri huwa na mlango unaofunguka pande zote mbili. Ile ambayo mtoto akiingia hatoki ndiyo anayoiogopa mume wako, na hapo ana haki.

Kabla ya kumwandikisha popote, mpeleke kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, walimu hukiita EARC. Vituo hivi vipo tangu 1984, lakini wazazi wengi hawajui hata kwamba vipo. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, Likoni. Watakuhoji wewe, watamtazama Babu akicheza na akifanya kazi ndogondogo, kisha wataandika ripoti ya shule gani inamfaa. Nenda na karatasi ya daktari, cheti cha kuzaliwa, na daftari la Gredi ya 1 alipoandika jina lake. Daftari hilo usilisahau, na nitakuambia kwa nini.

Katika mtaala wa umilisi, hii CBC, watoto wenye mahitaji maalumu wana njia mbili. Mmoja anafuata gredi kwa umri wake kama wenzake, isipokuwa anarekebishiwa namna ya kufundishwa na kupimwa. Mwingine anafuata ngazi zisizotegemea umri: msingi, ya kati, kisha maandalizi ya ufundi, kisha ufundi. Zote ni njia halali, na yuko mtoto ambaye ya pili ndiyo iliyomfungulia maisha. Lakini nimeona zaidi ya mara moja mtoto asiyezungumza akatiwa njia ya pili kwa sababu hiyo tu, hajazungumza. Mtoto anayesoma majina ya matatu anasoma. Anayesikia ngurumo akasema hii Kwale kabla haijatokeza ana kumbukumbu ambayo mimi sina. Wafungulie daftari, waonyeshe, na ukiona wamekwisha kuamua kabla hawajatazama, sema. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma shule zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyomfaa yeye. Inavyomfaa yeye, si inavyomfaa mwalimu mkuu.

Ninachokitamani kwa Babu ni hivi: aandikishwe shule ile ile ya karibu na kwenu, aanzie yuniti, na hesabu au kusoma aingie na Gredi ya 2 saa moja kwa siku, kisha saa mbili. Darasa la kawaida la serikali litakuwa limejaa, huenda kuliko hilo la 47, sikufichi. Ndiyo sababu asitupwe humo kutwa nzima. Lakini geti litakuwa moja, na dada yake au mtoto wa jirani anaweza kutembea naye.

Kituo cha Nyali kiache, wala usijione umemdhulumu mtoto. Sijakiona, huenda ni kizuri kweli. Ila ada inayowalaza njaa watoto wawili ili wa tatu asome haidumu, na siku itakapokatika Babu atahamishwa tena, mara hii bila mpango. Mafunzo mengine wanayoyauza huko, ya kushika kalamu, kuvaa, kuzoea miguso na sauti, ulizia kliniki ya OT, yaani tiba ya kumzoeza mtu shughuli za kila siku, hospitali ya rufaa Makadara. Foleni ni ndefu. Nenda na uvumilivu na chupa ya maji.

Mpe mpaka Januari kuzoea. Jumamosi moja, shule ikiwa tupu, omba ruhusa muingie, mpite geti, darasa, choo, mti wa kukaa. Piga picha kwa simu, na kila usiku mzitazame kwa mpangilio ule ule. Sare inunue mapema, uifue mara nne tano mpaka ilainike, na ukate kile kitambaa cha nembo shingoni, watoto kama hawa huwawasha kama upupu. Halafu andika karatasi moja, upande mmoja tu, maana mwalimu hatasoma wa pili. Usiandike historia ya ugonjwa. Andika: kiti cha mlangoni. Mguse begani kabla ya kengele. Akisema "shukeni" anataka kutoka. Akinyamaza sana amechoka. Anapenda feri. Ile karatasi ndiyo mwalimu wake wa Tana River, umemhamisha pamoja naye. Na kama una namba yake, mpigie, yeye anaweza kukuongezea mistari miwili ambayo wewe hukuijua.

Mavyaa usipigane naye. Kusomewa Qur'ani hakumdhuru mtoto, na bibi anayemsomea mjukuu ni bibi anayempenda. Kumnywesha asichokijua mtu, na kumfukiza mtoto ambaye harufu inamchoma kuliko sisi, hilo kataa kwa adabu na usirudi nyuma. Wifi naye mwambie kwamba ule utafiti wa 1998 uliosema chanjo inaleta usonji ulifutwa na jarida lenyewe lililouchapisha, mwaka 2010. Akitaka kubishana zaidi mkaribishe mahamri.

Baba yake ndiye nimemweka mwisho. Anaogopa muhuri, na muhuri upo, tusidanganyane. Ila Babu anao tayari, shuleni walimpiga muhuri huo siku walipomwambia abaki nyumbani wageni wasimwone. Mwambie hilo kama nilivyoliandika. Kisha umwombe kitu kimoja, kwa sababu katika barua yako nzima sikuona mahali ambapo baba amekaa na mtoto huyu wawili peke yao.

Ukimhamishia Likoni, Babu atapoteza feri, na feri ndiyo raha yake ya siku. Hilo usiliache likatokea. Jumamosi asiyokuwa na zamu, baba amchukue wavuke. Wasiende popote. Waende ng'ambo, wageuke, warudi, mara tatu wakitaka, mtembea kwa miguu halipi. Amwache ataje majina ya feri, na yeye ajifunze kuyataja kwa ngurumo, aone kama ni rahisi. Na feri ikikaribia gati, kabla honi haijalia, amguse begani.